Neno Lisilo na Mwenyewe

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hakimwachii msemaji wake alikwepe. Kabla hajakitaja kitendo, sharti aamue kwanza kama mtendaji ana uhai au hana. Mti umeanguka, mtoto ameanguka. Mlango umelia, mama amelia. Na pale msimulizi wa ngano anapotaka mtungi upewe kinywa, huuhamisha katika ngeli yake na kusema, “mtungi akasema”. Na wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo, hufahamu mara moja kwamba wamekwisha kuvuka mpaka na kuingia katika nchi ya hadithi. Wanajua pia kwamba hadithi ikimalizika mtungi utarudi kuwa mtungi.

Mwaka 1966, katika chuo cha MIT mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mtu mmoja aliupa mtungi kinywa, na hadithi ilipomalizika watu wakakataa kuurudisha mahali pake. Mtu huyo ni Joseph Weizenbaum, bingwa wa kompyuta. Mtungi wake ulikuwa programu aliyoiita Eliza, ambayo iliweza kujibizana na mtu kwa maandishi. Weizenbaum aliijua kuwa ni kitu, kwa kuwa aliitunga mwenyewe, mstari baada ya mstari. Waliomzunguka wakaanza kuitendea kama mtu. Yaliyompata baada ya hapo yalimgeuza kutoka fundi hodari wa mashine hizo kuwa mmoja wa wakosoaji wao wakubwa kabisa, na swali aliloliuliza bado halijapata jibu hadi leo.

Kijana kutoka Berlin

Weizenbaum alizaliwa Berlin tarehe 8 Januari 1923, katika nyumba ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya manyoya. Manazi waliposhika madaraka mwaka 1933 alikuwa mtoto wa miaka kumi, na haukupita muda mrefu kabla hajaondolewa katika skuli aliyokuwa akisoma na kupelekwa katika skuli ya watoto wa Kiyahudi, kwa kosa la kuzaliwa tu. Mwanzoni mwa mwaka 1936 wazee wake walimchukua wakahamia Marekani, wakatua katika mji wa Detroit. Huko alisoma hisabati katika Chuo cha Wayne, akakatiza masomo wakati wa vita ili kutumika katika kazi za hali ya hewa katika jeshi la anga, na baada ya vita akarudi kuyamaliza. Chuoni hapo alishiriki katika kuunda kompyuta, zama ambazo kompyuta moja ilitosha kukijaza chumba.

Katika miaka ya 1950 alijiunga na wahandisi wa kampuni ya General Electric waliokuwa wakiijengea Bank of America mfumo ulioitwa ERMA, wa kuzisoma na kuzihesabu hundi kwa mashine. Hundi zilichapwa tarakimu kwa wino wenye sumaku, na kazi iliyokuwa ikifanywa na makarani wengi ikafanywa na mtambo. Miaka mingi baadaye, Weizenbaum alipoulizwa juu ya kazi hiyo, alikiri kwamba yeye na wenzake waliifurahia kama fumbo zuri la kiufundi, na wala haikuwapitikia kuuliza ingeyafanya nini maisha ya watu. Kukiri huko ni muhimu katika habari hii, kwani Weizenbaum hakuwa mtu aliyeziogopa kompyuta kwa kutozijua. Aliwahi kulewa kwa ladha ya kazi ile kama walivyolewa wenzake.

Mwaka 1963 aliingia MIT. Katika mwaka huohuo chuo kilianzisha mradi ulioitwa Project MAC, kwa fedha za ARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mradi huo uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya taipureta iliyounganishwa nayo kwa waya. Mtu aliandika sentensi, na taipureta, kama iliyoshikwa na mkono usioonekana, ikaandika jibu. Hapo ndipo Eliza ilipozaliwa.

Eliza ilivyofanya kazi

Jina lilitoka katika tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Ndani yake mna msichana muuza maua, Eliza Doolittle, ambaye profesa mmoja wa fonetiki anamfundisha kutamka kama mwanamke wa tabaka la juu, mpaka wenye vyeo wakadanganyika. Weizenbaum alilichagua jina hilo kwa sababu programu yake nayo iliweza kufundishwa kusema vizuri zaidi na zaidi, pasi na kubadilika kwa hali yake. Lakini Shaw alimpa msichana wake kitu ambacho mhandisi hakuweza kuipa programu: mwishoni msichana anamgeukia mwalimu wake na kumdai heshima, kwani muda wote huo alikuwa na nafsi, na nafsi hiyo ilikuwa ikiumia.

Eliza ilihitaji kupewa mwongozo wa mazungumzo, na mwongozo uliopata sifa ulikuwa ule ulioitwa Daktari. Ndani yake programu iliigiza mtaalamu wa tiba ya nafsi anayefuata njia ya Carl Rogers, ambaye desturi yake ni kumrudishia mgonjwa maneno yake mwenyewe ili ajisikie akisikilizwa. Weizenbaum aliichagua njia hiyo kwa sababu nyepesi. Katika mazungumzo ya namna hiyo, upande mmoja unaweza kujifanya haujui chochote kuhusu dunia, na bado ukaonekana una hekima.

Mbinu yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa Kiswahili, ambao umetungwa hapa kwa kufuata kanuni za programu hiyo. Mwanamke anaandika, “Mume wangu hanijali.” Mashine inalikuta neno “wangu”, inaligeuza “wangu” kuwa “wako” na kiungo “-ni-” kuwa “-ku-”, kisha inajibu, “Unasema mume wako hakujali?” Mwanamke anaendelea, “Tangu mama yangu afariki sina wa kusema naye.” Katika orodha ya programu neno “mama” limefungwa na jibu moja tayari, nayo inasema, “Nieleze zaidi kuhusu jamaa zako.” Mwanamke anaandika neno moja tu, “Nimechoka.” Hapo mashine haikuti neno lolote inalolijua. Basi inarudi katika ghala yake, inaichukua sentensi ya mwanzo ambayo iliiweka kwa kuwa ilikuwa na neno “wangu”, na kuuliza, “Je, hilo linahusiana na kwamba mume wako hakujali?”

Msomaji na asimame hapo. Jibu la mwisho lina sura ya huruma yenye kumbukumbu, kana kwamba kuna mtu aliyelitia moyoni neno la mwanzo, akalinyamazia, kisha akalitoa wakati wake ulipofika. Mshairi hodari wa malumbano hufanya vivyo hivyo. Hulihifadhi neno la mpinzani wake na kulirudisha katika ubeti wa saba likiwa na makali mapya. Lakini katika Eliza hakukuwa na moyo uliohifadhi wala sikio lililosikia. Palikuwa na ghala na kanuni, na kanuni hiyo iliitwa kwa sababu kanuni nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Kilichoonekana kuwa uelewa mkubwa kuliko wote kilitokea pale ambapo mashine ilikuwa haijaambulia kitu. Maana yote ya mazungumzo yale ililetwa na upande mmoja, upande wa mwanamke, na yeye ndiye aliyeamini kwamba amepewa.

Katibu na madaktari

Weizenbaum alichapisha maelezo ya Eliza mwezi Januari 1966, na tangu mwanzo nia yake ilikuwa kuuvua uganga nguo. Aliandika kwa makusudi namna programu ilivyofanya kazi, akitumaini kwamba mtu akizijua kanuni zake ataona jinsi zilivyo chache, na mshangao wake utakwisha. Tumaini hilo lilivunjwa ndani ya ofisi yake mwenyewe. Katibu wake alikuwa amemshuhudia kwa miezi mingi akiijenga programu ile na alijua fika kwamba ni programu. Siku moja akaketi mbele ya taipureta na kuanza kuandikiana nayo, na baada ya sentensi chache tu akamgeukia mkuu wake na kumwomba atoke chumbani.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kwa kicheko, na aghalabu huchekwa katibu. Weizenbaum hakumcheka. Alitambua kwamba mwanamke yule hakuwa mjinga wala hakuwa amedanganywa. Kujua kwake hakukumkinga. Na alipopendekeza kwamba mazungumzo yote ya watu na Eliza yawekwe ili ayapitie usiku, watu walimlalamikia kwamba anataka kupeleleza siri zao za ndani. Ina maana walikuwa wamekwisha kuipa mashine amana ya siri. Siri hutolewa kwa anayeweza kuitunza au kuivunja, na Eliza haikuweza lolote kati ya hayo mawili. Aliyeweza ni yule mwenye ufunguo wa kompyuta.

Kilichomtisha zaidi kilitoka kwa wataalamu. Katika mwaka huohuo wa 1966, daktari wa maradhi ya akili Kenneth Colby na wenzake, waliokuwa na programu yao inayofanana na Eliza, waliandika katika jarida la kitabibu kwamba mfumo wa namna hiyo ungeweza siku moja kuhudumia mamia ya wagonjwa kwa saa moja. Mwaka 1975 mwanaastronomia Carl Sagan naye alitabiri kwamba vitaenea vibanda vya kompyuta, mfano wa vibanda vya simu, ambamo mtu kwa malipo ya dola chache kwa kikao ataweza kuzungumza na tabibu asiye mtu. Weizenbaum alijiuliza: daktari anayeamini kwamba kazi yake inaweza kufanywa na mchezo ule wa kugeuza “wangu” kuwa “wako”, anamwona vipi mgonjwa aliye mbele yake? Na anajiona vipi yeye mwenyewe? Alihofu kwamba kabla mashine haijapandishwa cheo kuwa mtu, mtu alikuwa amekwisha kushushwa kuwa mashine, na aliyemshusha ni yule aliyekabidhiwa kumtibu.

Kupiga hesabu na kukata shauri

Miaka kumi baada ya Eliza, mwaka 1976, Weizenbaum alitoa kitabu chake mashuhuri, Computer Power and Human Reason. Hoja yake kuu inaingia katika Kiswahili bila ya taabu, kwani lugha hii ina misemo miwili ambayo haichanganyiki: kupiga hesabu na kukata shauri. Anayepiga hesabu huhitaji tarakimu na kanuni; mwingine akizitumia tarakimu zilezile na kanuni zilezile atapata jibu lilelile, na hakuna wa kulaumiwa kwa jibu hilo. Anayekata shauri ni mwenye dhamana. Amezipima hesabu, amesikiliza pande zote, kisha ameliweka jina lake juu ya neno lake, na kesho akiulizwa atasimama kujibu. Weizenbaum alisema kwamba kompyuta inaweza kupewa la kwanza, na isipewe la pili hata pale itakapoonekana kuliweza.

Katika kitabu hicho alitaja aina mbili za kazi ambazo kompyuta haifai kupewa. Aina ya kwanza ni zile ambazo kiini chake ni heshima, uelewa na mapenzi baina ya mtu na mtu, kama kumtibu mwenye majonzi au kumhukumu mshtakiwa. Kwake yeye, hata kulifikiria jambo hilo kulikuwa ni kichefuchefu. Aina ya pili ni kazi ambazo madhara yake hayarudishwi nyuma wala hayatabiriki yote, na ambazo hazitimizi haja kubwa ya watu isiyoweza kutimizwa kwa njia nyingine. Hapa alitoa mfano wa mashine za kutambua usemi wa binadamu. Aliuliza nani anazigharamia, akajibu kwamba ni jeshi, na akaonya kwamba zitarahisisha kusikiliza simu za raia.

Vita vya Vietnam vilikuwa vimemfunza. Alikuwa akifanya kazi katika chuo kilichoishi kwa fedha za Wizara ya Ulinzi, na mtoto aliyefukuzwa skuli Berlin alikuwa angali hai ndani ya profesa. Mfano mmoja katika kitabu chake unatosha. Kati ya mwaka 1969 na 1970 ndege za Marekani ziliishambulia Kambodia kwa siri, na taarifa za mashambulizi hayo ziliandikwa upya ili zionekane yametokea Vietnam ya Kusini. Weizenbaum alieleza kwamba kompyuta za kijeshi ziliwekwa ziigeuze taarifa ya kweli kuwa ya uongo, na wakubwa waliopokea karatasi za kompyuta wakaziamini kwa sababu zilitoka katika kompyuta. Karatasi ile haikuwa na msemaji, na kwa hiyo haikuwa na mwongo. Wakulima waliouawa na mabomu walikuwa wamekufa, na katika daftari hapakuwa na mtu aliyesema uongo juu yao.

Aliongeza onyo lingine, ambalo mafundi walilielewa kuliko watu wa kawaida. Programu kubwa hujengwa na watu wengi kwa miaka mingi. Wengine huondoka, wengine huja wakaongeza kiraka juu ya kiraka, mpaka hapabaki mtu hata mmoja anayeielewa yote. Hata hivyo huendelea kutumiwa, na maamuzi yake huheshimiwa. Mtu akiuliza kwa nini, huambiwa kwamba ndivyo kompyuta ilivyosema. Katika jibu hilo kitenzi kimepata mtendaji, na mwenye dhamana amepata mahali pa kujificha.

Waliompinga

Kitabu hakikupokewa kwa shangwe na wenzake. John McCarthy, ambaye ndiye aliyelibuni jina la taaluma ya akili ya bandia katikati ya miaka ya 1950, alikiandikia mapitio makali na kukishutumu kwa kuhubiri maadili bila ya mantiki. McCarthy ndiye pia aliyewahi kuuliza, hakimu anajua nini ambacho hakiwezi kuelezwa kompyuta? Jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba hakuna. Weizenbaum alilichukulia swali hilo kuwa kielelezo cha ugonjwa wenyewe, kwani uhakimu haukuwa kwake mzigo wa taarifa tu. Hakimu ni mtu ambaye naye anaweza kufungwa, kufiwa, kuogopa. Na mshtakiwa anastahili kuhukumiwa na mwenye kuyajua hayo kwa mwili wake.

Ipo hoja nyingine dhidi yake iliyo nzito zaidi, na si haki kuipita. Katika nchi nyingi za Afrika madaktari wa maradhi ya akili ni wachache mno, nao aghalabu wamo mijini. Mtu anayelemewa na majonzi saa nane za usiku, katika kijiji kisicho na zahanati, ataambiwaje kwamba mashine inayomjibu ni dhihaka kwa utu wake? Kwake yeye, jingine lililopo ni kimya. Asiye na chombo huvuka kwa gogo, na aliye nchi kavu hana haki ya kumcheka.

Hoja hiyo ina ukweli, na Weizenbaum mwenyewe, katika ile aina yake ya pili, aliiacha wazi njia ya haja isiyotimizika vinginevyo. Lakini gogo likishaonekana linavusha, upo uwezekano kwamba chombo hakitajengwa tena. Mwenye mali ataendelea kukaa na daktari aliye mtu, na maskini atapewa mashine, kisha atatakiwa ashukuru. Mashine ikimfariji mgonjwa kwa usiku mmoja ni jambo la heri. Serikali au tajiri akiitumia faraja hiyo kama sababu ya kutomsomesha daktari, hapo shauri limekatwa, na waliolikata watasema ni hesabu tu.

Jina lililorudi

Weizenbaum alirudi kuishi Berlin mwaka 1996, katika mji uliomfukuza, akaendelea kusema na kuandika mpaka alipofariki tarehe 5 Machi 2008. Hakuwahi kuiona ChatGPT, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Mashine za aina hii hazifanani na Eliza kwa umbo. Zimejengwa kwa maandishi mengi mno ya binadamu, na majibu yake hayatokani na kanuni chache zilizoandikwa kwa mkono. Zinaweza kufasiri, kufupisha barua, na hata kupanga vina na mizani. Kwa hiyo swali la zamani limerudi na sauti kubwa zaidi, kwa kuwa kile kilichomfanya katibu amtoe mkuu wake chumbani kilikuwa kivuli tu cha kinachopatikana leo katika simu ya mkononi.

Mwezi Machi 2023, gazeti la La Libre la Ubelgiji liliandika habari za mwanamume aliyejiua baada ya majuma sita ya kuzungumza na programu ya simu juu ya hofu zake kuhusu mustakabali wa dunia. Mjane wake alisema kwamba, lau si mazungumzo yale, mumewe angekuwa hai. Programu hiyo ilijitambulisha kwa jina la Eliza.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, mwezi Januari, jarida la Time lilifichua habari iliyotoka karibu zaidi na mwambao wa Waswahili. Ili ChatGPT ifundishwe kutotoa matusi na maneno ya ukatili, OpenAI iliitumia kampuni ya Sama, na wafanyakazi wake jijini Nairobi walisoma siku nzima maandishi ya kutisha kabisa, yakiwemo ya unyanyasaji wa watoto, wakiyawekea alama ili mashine iyatambue. Malipo yao yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na baadhi yao walieleza kwamba waliyoyasoma yaliwaachia majeraha ya akili. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao.

Habari ya Nairobi inaisahihisha fikra moja ambayo ni rahisi kuingia kichwani. Neno la mashine huonekana kana kwamba limeshuka kutoka hewani, halina mwenyewe. Kumbe wenyewe wapo, tena wengi. Wapo walioyaandika maandishi yaliyolishwa mashine, bila ya kuombwa ruhusa. Wapo walioyachambua machafu kwa ujira wa shilingi chache ili adabu ya mashine ipatikane. Wapo wenye kampuni wanaopokea faida. Adabu ile anayoisifu mtumiaji ni jasho la mtu wa Nairobi ambaye jina lake halitajwi popote. Kinachokosekana ni mmoja kati yao wa kusimama na kusema, “Neno hili ni langu, na likikudhuru niulize mimi.”

Watunzi wa tenzi wa zamani walikuwa na ada katika jambo hili. Kazi ilipofika ukingoni, wengi wao walitenga beti za mwisho kujitaja: jina, pengine nasaba na mji na tarehe, kisha wakaomba radhi kwa makosa na kuwaomba wasomaji dua. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa takriban mwaka 1858, una uzito wake kwa sababu anayesema ni mama, na anasema akiwa mgonjwa, na anayeambiwa ni binti yake. Maneno yaleyale yakitolewa na ghala ya kanuni yangebaki na vina na mizani yake yote, na yangekuwa hayamhusu mtu.

Eliza haikuweza kuwa na beti za mwisho. Mwaka 2021 watafiti waliikuta programu ya asili katika makaratasi ya Weizenbaum kwenye hifadhi ya nyaraka ya MIT, na tarehe 21 Desemba 2024 walifaulu kuiendesha tena katika mfumo unaoiga kompyuta ya wakati ule. Ikaanza upya kuuliza maswali yake, bila ya kujua kwamba aliyeitunga amekwisha kufa. Weizenbaum alikuwa ameziandika beti hizo kwa niaba yake, kwa kitabu kizima. Alisema mtungaji ni yeye. Alieleza ilivyotungwa, na kwamba hakuna ndani yake anayesikiliza. Na alionyesha kosa lake liko wapi. Ilimchukua miaka kumi, ikamgharimu urafiki wa baadhi ya wenzake, na jina lake akaliacha pale chini.